Sakafu ya Joto ya Bi Koleta

Mwanangu, ipo siku moja ya kipupwe kule Muyama ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Mama yako akinisikia nikisema hivyo hununa, na ana haki ya kununa. Lakini siku ya harusi nilivishwa suti ya kuazima, nikafanya kila nilichoelekezwa, nikala wali, nikapigwa picha, basi. Siku ile ya Muyama nilisimama kwenye korido ya nyumba ya watu nikiwa na jambo moja tu la kufanya, nami sikulifanya. Tangu hapo kipupwe kikiingia, ukungu ukilala mabondeni hadi jua kupanda, mimi huwa mtu mzito wa kusema, nanyi hudhani naumwa.

Juzi uliniambia kwamba umepata kazi ya mtu aliyejenga kule mlimani, anataka sakafu ya chumba cha wazazi wake ipashwe joto kwa umeme. Ukaniuliza waya uuunge wapi. Nilikujibu kwa maneno machache, ukadhani mzee kachoka. Sikuchoka. Swali lako lina majibu mawili, nawe uliuliza moja tu. Vuta kiti.

Miaka ile ya tisini, wakimbizi wa Burundi walipojaa katika wilaya zetu, nilikuwa kijana, fundi umeme kwenye ghala la shirika moja la misaada huko Kibondo. Wazazi wangu walikuwa wamevuka mpaka huo huo zamani, kabla sijazaliwa, kwa hiyo Kirundi kilikuwa cha nyumbani, Kiha cha sokoni, na Kiswahili cha shule na kazi. Bosi wangu alikuwa mhandisi wa Kizungu, mtu mpole, aliyekuwa na Kiswahili cha Kongo alichokiokota alikotoka. Siku moja tulifungua kontena la vifaa tukakuta boksi lililopotea njia. Ndani yake mlikuwa na kebo ya kupasha sakafu joto, vitu vya nchi za theluji. Sijui nani huko ng'ambo alidhani Kibondo kuna barafu! Tulicheka mpaka walinzi wakaja kuuliza kuna nini.

Mhandisi yule alipomaliza mkataba wake alinipa boksi lile. Alinieleza kwa uvumilivu jinsi kebo inavyotandazwa na inavyozikwa kwenye saruji, kisha akanishika mkono akasema, "Gervasi, ile kebo inapenda kupumua. Usiifunike vitu mingi juu. Ukiifunika, moto itakosa njia." Nikaitikia. Nilikuwa kijana wa kuitikia upesi.

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia binti wa Muyama, jina lake Dafroza. Usinitazame hivyo, mama yako anaijua habari hii yote. Baba yake, Mzee Ntakije, alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na injini ya mashine ile ilizungusha pia jenereta, kwa hiyo nyumba yake ilikuwa na umeme mchana kutwa na jioni mpaka watu walipolala. Kwa Muyama ya wakati ule huo ulikuwa utajiri wa kusimuliwa. Mkewe, Bi Koleta, mama wa mchumba wangu, alikuwa akisumbuliwa na miguu. Kila siku alilalamika kwamba ina baridi. Alivaa soksi mbili mbili, alijifunika blanketi juani, bado alisema miguu yake ni kama iko mtoni. Watu walisema ni uzee, wengine wakasema ni baridi yabisi. Mzee Ntakije alimpenda mkewe kwa namna ambayo wanaume wa kwetu hawaionyeshi. Alikuwa akiamka alfajiri kumchemshia maji ya kukandia miguu yeye mwenyewe, na ukimkuta na sufuria anasema anachemsha ya kunyolea.

Nilipomwambia kwamba ninayo kebo ya kupasha sakafu, macho yake yalibadilika. Alikuwa anaongeza chumba kipya nyuma ya nyumba. Akasema, "Mwanangu, mtengenezee mama yako chumba hicho. Hata nikisahau mahari nyingine yote, hii nitaikumbuka."

Sasa nikueleze desturi, maana nyinyi mmeikuta imelegea. Posa ilipopokelewa, ukwe ulianza siku hiyo hiyo. Mkwe wa kiume hali chakula mbele ya mama wa mchumba wake, hamtazami usoni, hamtaji jina, na wakikutana njiani mmoja anapisha kichakani. Chumba anacholala mama huyo hakiingii kabisa, hata akiitwa. Ni heshima ya zamani na ilikuwa na sababu zake. Chumba kile kipya kilikuwa bado hakijahamiwa, kwa hiyo kukiingia wakati wa kazi haikuwa kosa.

Kazi niliifanya kwa mikono miwili. Mzee alinionyesha soketi ya redio iliyokuwa karibu, akasema, "Si uunge hapa tu? Umeme ni ule ule." Nikamwambia hapana, waya wa soketi ile ni mwembamba na umeshabeba redio na taa za sebuleni, ukiutwika na sakafu utachemka ndani ya ukuta bila mtu kuona. Nikavuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye swichi kubwa, nikauwekea fyuzi yake, nikapeleka na waya wa ardhi mpaka kwenye nondo niliyoipigilia nje penye udongo wenye unyevu. Kebo niliitandaza kwa mikunjo iliyoachana sawasawa, mmoja usimguse mwenzake, nikaifunga kwenye wavu. Niliipima kwa mita kabla ya saruji, nikaipima tena saruji ilipomwagwa. Kisha nikaiacha sakafu ikauke yenyewe kwa wiki kadhaa ingawa Mzee kila nikipita alikuwa ananiuliza kama haijawa tayari. Mpaka leo fundi yeyote akiikagua kazi ile ya nyaya hataona pa kunicheka.

Ila palikuwa na swichi ya joto. Hii ndiyo inayopima joto na kukata umeme yenyewe likitosha. Kijicho chake cha kupimia joto, kile cha kuzikwa sakafuni, hakikuwemo kwenye boksi, kwa hiyo ilikuwa inapima hewa ya pale ilipofungwa. Mhandisi alikuwa ameniambia niifunge ndani ya chumba chenyewe kinachopashwa joto. Mimi nikafikiri, kifaa hiki kitahitaji mkono wa fundi mara kwa mara, na fundi ni mimi, nami ni mkwe. Nitaingiaje humo? Nikaifunga nje ya chumba, kwenye korido, karibu na mlango wa uani. Mzee Ntakije alipoona aliielewa sababu bila kuambiwa. Alinishika bega akasema mbele ya mafundi waashi, "Huyu kijana kalelewa." Nilijisikia mkubwa, mwanangu. Kichwa kilivimba.

Korido ile ilipitisha upepo wa uani tangu asubuhi. Swichi ilikuwa inapima baridi ya korido na kuilisha sakafu ya chumbani. Nililiona hilo, sitasema sikuliona. Nikajiambia nitakuwa naizungusha kidogo kidogo mpaka ikae sawa.

Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Bi Koleta alihamia, na wanawake wa jirani walikuja kuvua kandambili na kuikanyaga sakafu kwa zamu, wakipiga vigelegele. Paka wa nyumba ile alihama jikoni moja kwa moja, na Mzee Ntakije akaacha kuchemsha maji ya alfajiri. Mimi habari hizo nilizisikia kwa Dafroza, maana mlangoni pa Bi Koleta palikuwa pameshawekwa pazia, na mimi kituo changu kilikuwa sebuleni.

Nilikuwa nimemwambia Mzee sakafu isifunikwe. Mzee, kwa aibu ya kuzungumza mambo ya chumbani mbele ya mkwe, hakuniuliza isifunikwe na nini. Alimwambia mkewe asiweke vitu vizito chini. Bi Koleta akatii, akakataza masanduku na magunia. Lakini alitandaza nyasi laini, kama walivyotandaza mama yake na bibi yake, na juu yake mikeka. Kwake yeye chumba kisicho na nyasi kilikuwa cha mtu aliyekosa ndugu wa kumkatia. Nyasi si kitu kizito. Hapo juu ya mikeka ndipo aliposhinda, amenyoosha miguu, blanketi limefunika toka magotini mpaka chini. Mtu yeyote aliyeingia chumbani aliyaona hayo. Ni mimi tu niliyejua maana yake, na ni mimi tu nisiyeingia.

Kipupwe kilipokaza, Dafroza akaanza kuniletea maneno. Mama anasema bado baridi. Nikaenda kwenye korido nikazungusha swichi. Siku chache baadaye, mama anashukuru ila miguu bado. Nikazungusha tena. Sikujiuliza kwa nini mtu anayekaa juu ya sakafu yenye joto aendelee kuona baridi. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, nami nilikuwa natandika kitanda cha mwenzangu kwa kutumia masikio.

Ndipo ilipofika siku ile. Nilikuwa nimetoka Kasulu mjini, nilikohamia kikazi, kwa baiskeli kuja kumrekebishia Mzee mkanda wa jenereta uliokuwa umeanza kulegea. Dafroza alinikuta kwenye banda la mashine, unga umemjaa kwenye nyusi, akanivuta pembeni.

"Gervasi, nyasi za chumbani kwa mama nimezibadilisha juzi tu. Leo nimeinua mkeka, za chini zimekuwa kahawia. Zinanuka kama mahindi ya kukaanga."

"Na mama anasemaje?"

"Anasema bado baridi."

Niliacha spana palepale nikaingia ndani. Kwenye korido niliinama nikaweka kiganja chini ya ukuta, pale ukuta unapokutana na sakafu ya chumba chake, nikautoa haraka. Ulikuwa wa moto. Nilisikia na ile harufu, ikitoka chini ya pazia. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi wakati huo nilikuwa nimeshalowa.

Bi Koleta alisikia nyayo. Akauliza kutoka ndani, "Ni nani hapo?"

Mkwe hajibu. Dafroza akajibu kwa niaba yangu, "Ni fundi, mama."

Akacheka taratibu. "Fundi au mkwe? Mwambie asipunguze, mwana. Baridi ya mwaka huu ina visa. Mwambie Imana imbariki, Mungu amzidishie, lakini asipunguze."

Dafroza akanitazama. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nimwombe uingie uangalie? Nitamfunika vizuri, nitakaa naye."

Mwanangu, aliniuliza. Mlango ulifunguliwa mbele yangu na mtu wa nyumba ile ile. Nikaona aibu. Nikamfikiria Mzee Ntakije aliyenisifu mbele ya waashi, nikawafikiria majirani na midomo yao, nikafikiri mahari bado haijakamilika na mimi tayari nachungulia miguu ya mabukwe, mama mkwe wangu. Nikamwambia Dafroza, "Acha. Jumamosi shangazi yako anakuja kutoka Kagerankanda. Yeye ataingia, aziondoe nyasi, aangalie."

Ningeweza pia kuzima. Fyuzi ilikuwa pale pale ukutani, mkono wangu ungeifikia. Lakini mama alikuwa amesema asipunguziwe, na kuzima baada ya maneno yake kulionekana kwangu kama kumwambia mkwe wangu kwamba ni mwongo. Nilichofanya ni kurudisha swichi nyuma kidogo tu, kiasi ambacho asingekigundua, nikatoka uani. Nilimaliza mkanda wa jenereta, injini ikanguruma vizuri, nikashukuriwa kwa kikombe cha uji, nikapanda baiskeli yangu.

Shangazi Skolastika, dada mkubwa wa Mzee Ntakije, alifika Jumamosi kama alivyoahidi. Alikuwa mwanamke wa kuingia bila hodi, na siku hiyo nashukuru kwa tabia hiyo. Aliinua blanketi ili amkande wifi yake miguu. Walionisimulia walisema alipiga yowe ambalo lilisikika mpaka kwenye mashine juu ya kelele za injini. Nyayo zote mbili zilikuwa zimeungua polepole, siku baada ya siku, kama kiazi kinavyoiva kwenye majivu. Malengelenge yalishapasuka na kisigino kimoja kilikuwa cheusi. Na Bi Koleta alikuwa akiuliza kwa nini wifi yake analia, maana yeye hakusikia maumivu yoyote.

Habari ilinifikia mjini. Niliwakuta hospitali. Daktari, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya pwani, alitueleza kwamba Bi Koleta ana kisukari cha muda mrefu, na kisukari kimeua hisia za miguu yake. Miguu ile ilikuwa haijui tena moto wala baridi. Baridi aliyokuwa akiisikia ilikuwa ya ugonjwa, na ungemwekea makaa angesema ongeza. Mzee Ntakije alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia yake, akaishika mapajani.

Shangazi Skolastika ndiye aliyesema. Alinikuta nyuma ya wodi, kwenye mafiga ambapo ndugu wa wagonjwa hupikia. Nilidhani atanipiga. Aliketi kwenye jiwe, akaniashiria nami niketi chini, akazungumza kwa Kiha chetu, nami nakufasiria.

"Dafroza kaniambia yote. Ulisimama kwenye korido?"

"Ego, shangazi," nikakubali.

"Ulisikia harufu?"

"Ego."

"Ukaniachia mimi. Nami nilikuwa Kagerankanda napalilia maharage yangu."

Akaniacha nikalia kidogo, kisha akaendelea. "Unadhani wazee waliotupa ukwe walikuwa wajinga? Walijua kuna siku nyumba itaungua. Nyumba ikiungua hakuna ukwe, mkwe anaingia, anambeba mabukwe mgongoni, kesho yake analeta kuku wa kuomba radhi, mambo yanaisha. Kuku mmoja, Gervasi! Desturi uliijua ya kukaa mbali, hukuuliza ya kukaribia. Heshima gani hii inayomwacha mama aungue ili wewe usifiwe?"

Mwanangu, nimeshatukanwa na watu wengi maishani, wengine kwa haki na wengine bure. Hakuna maneno yaliyoniingia kama yale, kwa kuwa hakuyapandishia sauti. Aliinuka, akapuliza moto chini ya sufuria, akarudi wodini na uji wa mgonjwa.

Kesho yake Bi Koleta aliagiza niitwe. Nikasimama mlangoni mwa wodi, akanipungia mkono nisogee. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama usoni. Alikuwa na macho ya Dafroza. Miguu ilikuwa imefungwa bandeji mpaka juu, nami nilijilazimisha kuitazama.

"Siku ile nilisikia pumzi zako pale nje," alisema. "Nikasema moyoni, akiomba kuingia nitamkubalia. Kuna kitu kwenye miguu yangu sikukielewa. Ukaondoka."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nami niliogopa kukuita. Nilisema mkwe atanionaje." Akatazama dirishani. "Tulikuwa na adabu sana, mimi na wewe."

Alinisamehe, kama unataka kujua. Aliniwekea mkono kichwani. Lakini msamaha haurudishi nyama kwenye mguu, maji yakimwagika hayazoleki. Walimkata mguu mmoja chini ya goti, wa pili ukakataa kupona, sumu ya kidonda ikapanda mwilini. Mvua za kwanza zilipoanza, watu wakiwa na mbegu mikononi, akafariki. Nilikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Mzee Ntakije hakunishtaki wala kunilaumu hata siku moja. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mashine, na asubuhi, walisema, alirudia kuchemsha maji yale ya miguu kisha akayamwaga uani. Kama angenifukuza kwa fimbo ningelala usingizi mapema zaidi.

Tanga lilipovunjwa, nilimwendea Dafroza. Familia haikuwa imekataa ndoa yetu. Shangazi Skolastika mwenyewe alisema kijana ameadhibiwa vya kutosha, mambo yaendelee. Nilimkuta anaanika nyasi zile, alikuwa amezitoa zote chumbani kwa mama yake, hakujua azifanyie nini. Nilimwambia niko tayari kumsubiri mwaka, hata miwili, mpaka msiba upoe.

Alinisikiliza bila kuacha kazi. Kisha akasema, "Sikuchukii, Gervasi. Imana ni shahidi wangu. Nami kosa ninalo, niliziona nyasi, nikakuambia wewe tu, kisha nikanyamaza. Lakini nikiolewa nawe, kila utakapoingia mlangoni kwangu nitakuwa najiuliza mbona siku ile hukuingia."

Nilimsaidia kugeuza nyasi zilizobaki, kisha nikapanda baiskeli yangu. Aliolewa baadaye Kibondo, akazaa, na nasikia yu mzima. Mimi nilimpata mama yako, na Mungu ametutunza. Majuto ni mjukuu, husemwa hivyo. Wangu huja kila kipupwe, anakaa nami, kisha anakwenda.

Sasa sikia majibu yako yote mawili. La kwanza ni la nyaya. Usiiunge sakafu hiyo kwenye soketi wala kwenye waya wa taa, hata mwenye nyumba akikubembeleza. Ivutie waya wake mnene kutoka kwenye swichi kubwa, na fyuzi yake, na hicho kifaa chenu cha siku hizi kinachokata umeme ukivuja, na waya wa ardhi bila kusitasita. Pima kabla ya saruji na baada ya saruji. Kijicho cha joto kizike sakafuni, na swichi iwe ndani ya chumba kile kile, hata kama anayelala humo ni mkwe wa Rais. Hayo unayajua, au utayajua, mafundi wenzako watakufundisha.

La pili hawatakufundisha, kwa hiyo nakufundisha mimi. Kabla hujatandaza kebo, keti na wazee hao watakaoikanyaga. Usimwulize mtoto wao aliyekulipa, waulize wao. Wanakaa wapi mchana? Wanatandika nini chini? Miguu yao inajua moto? Kama ni mama asiyetazamwa, tafuta dada yake, binti yake, jirani yake, akushike mkono akuingize. Desturi zetu ziheshimu, mwanangu, sisemi uzivunje kwa kiburi cha shule. Lakini jifunze na mlango wake wa dharura, na kama huujui, nenda kauulize kabla hujauhitaji. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na siku utakaposikia harufu, au ukuta ukawa wa moto mkononi mwako, usimsubiri shangazi wa Jumamosi. Zima. Zima hata kama mwenye chumba anasema usizime, kisha piga hodi, ingia, uombe radhi ukiwa ndani. Atakayekasirika atakasirika akiwa hai, na utampelekea kuku.

Haya, simama, jua limekwenda na wewe una safari ya mlimani. Sogea nikuwekee mkono. Imana ikutangulie katika kila nyumba utakayoitwa. Ikupe mikono isiyo na haraka, na masikio ya kusikia kile ambacho wenye adabu wanashindwa kukisema. Ikuondolee aibu ile iliyonikalia mimi, ikuachie heshima peke yake. Wazee wa watu walale kwenye joto uliloliweka, waamke asubuhi wakisimama kwa miguu yao. Amina, mwanangu. Nenda salama.